Marehemu wa Dirishani

Mwanamke anayekwenda kuachwa hujipamba kuliko anayekwenda kuolewa. Usiniulize ni kwa nini, mimi nimeona tu. Jumapili hiyo Warigia aliamka kabla ya jogoo wa jirani, akajifumua na kujisuka upya, yeye ambaye wiki nzima husuka vichwa vya wenzake katika saluni mjini Nyeri na Jumapili hataki hata kuona kitana. Akavaa gauni lake la buluu, akajipaka mafuta mazuri shingoni, kisha akaliharibu pambo lote kwa kuvaa juu yake koti kubwa la kahawia lenye mikono inayomfunika vidole. Koti hilo lilikuwa la Njue. Mama yake, Wangui, alilitazama, akageuza macho, akasema waende, ibada haitawangoja.

Baada ya ibada Warigia hakurudi nyumbani Mweiga. Alimwambia mama yake kwamba ana mteja, na mama yake, ambaye si mtoto, akamjibu kwamba amsalimie huyo mteja. Warigia akashika njia ya Kiganjo moyo ukimdunda kwa furaha, maana alikuwa na habari njema. Baba yake mkubwa, Mzee Mwai, alikuwa amekubali hatimaye kuketi na mama na kumsemea Njue. Tangu ile siku ya aibu mwaka uliopita, jina la Njue lilikuwa halitajwi katika nyumba ile. Sasa mlango ulikuwa unafunguka, na Warigia alijiona tayari amevaa shela.

Laiti angejua.

Njue alikuwa kijana wa Runyenjes, upande wa Embu, na kazi yake ilikuwa dijei wa filamu. Kwa asiyeijua kazi hiyo, ni hivi: filamu ya kigeni inaonyeshwa, sauti yake inazimwa, na dijei anashika maikrofoni na kuwasemea wote waliomo, mabwana, mabibi, majambazi, mbwa, hata mvua, kwa Kiswahili chetu hiki kilichochanganyika na Gikuyu. Banda lake la mabati lilikuwa nyuma ya maduka ya Kiganjo, na zamani Jumapili hukupata hapo pa kuweka hata goti. Akina mama waliotoka sokoni walikuja. Makuruta wa chuo cha polisi cha pale pale Kiganjo wakipata ruhusa walikuja, nao ndio waliopiga mayowe kuliko wote. Watu walisema Njue ni mwongo, lakini mwongo mtamu.

Siku hizi kila mtu anatembea na sinema yake mfukoni. Mwenye banda alikuwa amekwisha kulipangisha kwa muuza chakula cha kuku. Ndiyo maana Njue alimpigia Warigia simu, akamwambia aje watazame filamu moja ya mwisho, wao wawili tu, kabla hajang'oa spika ukutani.

"Filamu gani?" Warigia aliuliza.

"Unajua ni gani."

Alimkuta ameshapanga mabenchi yote ukutani isipokuwa moja. Ndevu hazijanyolewa, macho mekundu. Kwa kawaida Njue angemkumbatia mpaka miguu yake iache ardhi, lakini leo alimshika mkono tu kwa mikono yake miwili, kama watu wanavyosalimiana matangani. Warigia aliliona hilo. Ila mtu mwenye habari njema hasomi dalili, husoma uso wake mwenyewe. Alitaka kumwaga habari zake papo hapo, Njue akamwomba wangoje, watazame kwanza halafu waongee. Warigia akatoa karanga mfukoni mwa koti, akaketi.

Kiganjo nzima iliijua filamu hiyo kwa jina la Marehemu wa Dirishani. Jina lake halisi hakuna aliyelijua. Ilikuwa ya zamani mno, nyeusi na nyeupe, ya lugha ambayo hakuna mtu Kiganjo aliyeitambua, na picha yake ilikuwa imekwaruzika mpaka ukadhani mvua inanyesha ndani ya nyumba za watu. Ilihusu mwanamume aliyekufa na kuzikwa, kisha kila jioni akawa anatoka kaburini, anakuja kusimama nje ya dirisha la mkewe na kuweka viganja kwenye kioo. Mke amekaa ndani na mshumaa. Wanakijiji wanakuja na mienge ya moto. Wakati huo wote kuna kibarua mmoja mnyonge anayekatiza kila mara na mzigo wa kuni. Mwisho dirisha linafunguliwa, mshumaa unazimika, basi.

Kwa kuwa Njue hakuelewa hata neno moja, alijitungia. Katika filamu ya Njue marehemu aliitwa Jamleck, jina la kaka yake mwenyewe, na mjane aliitwa Karambu. Jamleck alikuwa amefufuka kwa sababu alizikwa bila koti lake jipya, na koti hilo Karambu alikuwa amempa yule kibarua wa kuni. "Nirudishie koti, Karambu!" Njue angelia kwenye maikrofoni kwa sauti ya mtu aliyefukiwa. "Huku chini kuna baridi kushinda Nyeri!" Banda zima lilianguka kwa kicheko. Neno lilitoka likazagaa madukani, na mpaka leo ukikopa sufuria ya jirani pale Kiganjo usipoirudisha, utaambiwa, nirudishie koti.

Wa kucheka kuliko wote alikuwa Mzee Theuri, baba yake Warigia, dereva wa lori la maziwa. Mzee huyo alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na kikohozi chenyewe kikawachekesha wengine. Siku moja alimleta binti yake aliyekuwa likizo kutoka chuoni. Mvua ilikuwa inapiga mabati, msichana anatetemeka benchi la mbele. Njue alivua koti lake, akalitupa mabegani mwake bila kuacha kusimulia, na marehemu alipotokea dirishani akamfanya ageuke na kusema, "Wewe wa benchi la mbele, na wewe utanirudishia koti!" Warigia hakulirudisha. Mapenzi yao yalianzia hapo, na baba mtu alikuwa shahidi akikohoa kwa kicheko.

Leo picha ilipofunguka Warigia alishangaa. Mtu mmoja huko mtandaoni alikuwa ameisafisha filamu yote, mikwaruzo imekwisha, nyuso zinaonekana mpaka vinyweleo. Sauti yake ya asili ilikuwepo, upepo na kinanda, na chini yalipita maandishi ya Kiingereza yakieleza kila neno. Njue hakushika maikrofoni. Aliketi kando yake, mikono katikati ya magoti.

Mwanzoni Warigia alicheka. Kwa macho ya siku hizi mambo mengi yalikuwa ya kuchekesha: mwezi ulikuwa wa karatasi na uzi wake ulionekana, ukungu ulikuwa moshi wa mtu aliyejificha kando, na marehemu alikuwa amepakwa unga usoni kama mtoto aliyevamia jikoni. Alimgusa Njue kwa kiwiko.

"Si uongee? Unaniacha na wazungu wako peke yangu."

"Leo nimenyamaza," alisema Njue. "Soma tu."

Akasoma, na kadiri alivyosoma karanga zilimshinda kumeza. Marehemu hakuja kudai koti. Hakuja kudai chochote. Mjane ndiye aliyekuwa akimwita. Kila jioni aliwasha mshumaa, akakaa dirishani, akamwita kwa jina, akamwomba amwambie tena kwamba alifika salama, amwambie tena kwamba hana hasira. Naye maiti wa watu anainuka, anajikokota mpaka kwenye kioo. Ile midomo ambayo Njue aliifanya ilalamike juu ya baridi, kumbe ilikuwa inasema: usiniite tena, mpenzi wangu, kila ukiniita nainuka, na kuinuka kunaniuma.

Wenye mienge nao hawakuja kumchoma. Walikuja kumsihi mwanamke.

Halafu kulikuwa na yule wa kuni. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumtazama, alikuwa mvaa koti la marehemu, wa kuzomewa. Lakini sasa Warigia alimwona. Alimwona akiweka kuni jikoni, akimpashia mjane supu, akimwuliza kama amelala vizuri. Mjane hamjibu, macho yake yako dirishani. Na mwisho, dirisha lilipofunguliwa na mshumaa kuzimika, filamu haikuishia pale alipokuwa akiizima Njue. Kulikuwa na kipande kingine. Asubuhi inafika, yule wa kuni anaweka mzigo wake wa mwisho mlangoni, anasimama kidogo, anaona hakuna anayefungua, anaondoka zake kwenye theluji.

Njue alizima. Mvua ilikuwa imeanza juu ya mabati, ile ya Kiganjo isiyobisha hodi.

"Ulimwona yule wa kuni?" aliuliza.

"Nimemwona. Nimemwonea huruma."

"Ndiye mimi."

Warigia alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayengojea mzaha umalizike. Mzaha haukumalizika. Hapo ndipo moyo wake ulipoanza kushuka taratibu.

Ili uelewe, lazima nikurudishe kwenye ile siku ya aibu. Mzee Theuri alikuwa amefariki miezi michache kabla, ghafla, akipakia mikebe ya maziwa. Asubuhi hiyo alimpigia binti yake simu. Warigia alikuwa na kichwa cha mteja mikononi, akaacha simu ilie, akajiambia atampigia baadaye. Hakukuwa na baadaye. Mzee alikuwa na desturi moja ya simu, ambayo watoto wake waliijua kwa moyo. Angeanza: "Warigia wa Theuri, umekula?" Ukimjibu umekula, angesema: "Basi dunia iko sawa." Mazungumzo mengine yote yalikuja katikati ya hayo mawili.

Wakati wa maombolezo ulipopita, watu wa Njue walikuja Mweiga kupanda tawi, kama ilivyo desturi, upande wa mvulana useme rasmi kwamba msichana huyu ameonwa na asitafutwe na mwingine. Kiti cha marehemu kiliachwa wazi. Mzee Mwai alisimama, akakitazama kile kiti, akauliza kwa huzuni, "Na ndugu yangu Theuri angekuwa hapa leo, angesemaje?" Kila mtu mwenye akili anajua swali hilo halijibiwi, linaachiwa kimya na maombi. Lakini dijei ni dijei. Miaka yake yote Njue hajawahi kuona mdomo unaonyamaza asiutilie maneno. Tena alimpenda yule mzee, na alitaka kuwapa zawadi. Akafungua kinywa, na ndani ya sebule ile ikatoka sauti ya Theuri yenyewe, na kikohozi chake, na ule mkwaruzo wa moshi wa lori: "Wageni wamekula? Basi dunia iko sawa."

Shangazi mmoja alipiga yowe. Wangui alikuwa anaingia na sinia la chai, akaliweka chini sakafuni, akatoka nje, hakurudi. Wageni wakaambiwa kwa heshima kwamba watajulishwa. Hawakujulishwa. Wengine walisema mama amekataa kwa sababu kazi ya kijana ni kelele, wengine wakasema ni kwa sababu kijana ni wa Embu. Wangui mwenyewe hakutoa sababu.

Na Warigia je? Wewe na mimi tungekasirika. Warigia jioni ile ile alijifungia chumbani, akampigia Njue, akamwambia kwa sauti ya kuiba, "Fanya tena." Njue akafanya. Ungemkatalia msichana unayempenda, analia, anakuomba dakika moja ya baba yake? Kesho yake akafanya tena. Ikawa kila jioni.

"Juzi nilikupigia nikiwa na homa," Njue alisema sasa, akitazama sakafu. "Nilikuwa natetemeka mpaka simu inanianguka. Nikakwambia, Warigia, leo siko sawa. Unakumbuka uliniambia nini?"

Warigia alikumbuka. Alitamani asikumbuke.

"Uliniambia, nipe yeye kwanza. Nikakupa. Nikakuuliza umekula, ukasema umekula, nikakwambia dunia iko sawa. Ukasema asante baba. Ukakata simu. Mimi nililala na homa yangu. Sikukasirika. Nilijiuliza tu, ni lini mara ya mwisho huyu mtu aliniuliza kama mimi nimekula?"

Warigia akakimbilia habari yake njema. Akamwambia yote kwa haraka, Mzee Mwai amekubali, ataongea na mama wiki hii, mama atalegea, yeye anamjua mama yake, ni mkaidi lakini ana moyo. Alidhani Njue ataruka kwa furaha. Njue alitikisa kichwa.

"Mama yako si mkaidi. Mama yako alinipigia."

"Ati nini?"

"Baada ya ile siku. Nilidhani anataka kunitukana. Akaniomba nimwite jina lake vile mzee alikuwa anamwita. Mara moja tu. Nikamwita. Akalia, Warigia, sijawahi kusikia mtu mzima akilia hivyo. Halafu akajipangusa, nikasikia kabisa anajipangusa, akaniambia, Njue, wewe ni kijana mzuri. Lakini mkwe ni mtu wa kuheshimiwa, hata kiti chake hukaa mbali na changu. Sasa wewe ukiingia kwangu na mdomo wa mume wangu, nitakuketisha wapi? Nitakuogopa, na nitakungojea uongee. Hiyo si heshima. Na akasema nisikuambie, nimekaa nayo mpaka leo."

Warigia alikuwa amefunika uso kwa mikono ya koti. Kwa mwaka mzima alikuwa amemnunia mama yake kama adui wa mapenzi yake. Mwaka mzima walikula meza moja, kila mmoja na sauti ile ile kichwani, hakuna aliyemwambia mwenzake.

"Hajanipigia tena," alisema Njue. "Yeye aliweza kuacha."

Mvua ilizidi. Kaka yake Njue, Jamleck wa kweli, alikuwa njiani na pikapu kuja kubeba spika na televisheni. Njue alimweleza Warigia kwamba anarudi Runyenjes, kwenye kahawa ya wazee wake, na kwamba hakumwita leo amgombeze. Aliipata filamu iliyosafishwa akaitazama peke yake, akaona aibu kwa miaka yote aliyomzomea yule wa kuni. Yeye ambaye huwasemea watu wote hakuwa ameweza kusema jambo lake mwenyewe, akaona heri filamu imsemee.

"Usiende," Warigia alisema. Alimshika mkono, akaukaza. "Njue, niangalie. Nimesikia. Haki ya Mungu nimesikia. Niambie unataka nini na mimi nitafanya."

Nitakwambia ukweli, kama Njue angeondoka wakati huo pengine maumivu yangekuwa madogo. Lakini alimpenda, na anayependa hujaribu tena.

"Nataka hiyo sauti tuizike," alisema. "Nisiifanye tena, usiiombe tena. Ukiweza hivyo, pikapu itaondoka bila mimi, nitakuja na wewe kwa mama yako leo leo, na viatu hivi vya matope. Nitaongea na yeye kwa mdomo wangu. Akinifukuza nitarudi kesho."

"Nitaweza."

"Fikiria kwanza."

"Nimefikiria. Ni wewe nataka. Nitaweza, Njue."

Akamwamini. Jamani, ungemwona uso wake ulivyofunguka. Alimkumbatia mpaka miguu ya Warigia ikaacha ardhi, kama zamani, na koti kubwa likawafunika wote wawili. Walicheka, wakalia, wakacheka tena. Njue akamwuliza kama mama anapenda ndizi za Embu, wapitie kununua. Warigia akamtania kwamba kwa ndevu zile hata mbwa wa nyumbani hatamfungulia. Kwa muda ule mfupi walikuwa wachumba kama wachumba wengine, wanapanga nani aingie kwanza mlangoni.

Pikapu ikapiga honi nje. Njue akaokota mkoba wake. Warigia akawa anafunga vifungo vya koti, anatabasamu, na neno likamtoka mdomoni jepesi kabisa, kama mtu anayeomba maji ya kunywa.

"Ya mwisho tu, basi. Kabla hatujaizika. Hakuniaga, Njue, unajua hakuniaga. Niage kwa sauti yake, mara hii moja."

Njue alibaki ameshika mkoba. Tabasamu lake halikuondoka mara moja, lilichelewa kidogo usoni. Warigia aliliona likiondoka na hata hivyo hakurudisha neno lake, maana alilihitaji mno. Alifumba macho. Alisimama pale katikati ya banda tupu, uso umeinuliwa, akingoja.

Njue angeweza kukataa. Hakukataa. Alivuta pumzi, na ndani ya kelele ya mvua Mzee Theuri akakohoa kidogo.

"Warigia wa Theuri, umekula?"

"Nimekula, baba."

"Nilikupigia asubuhi. Nilijua uko na kazi. Sikuwa na neno, nilitaka tu kukusikia." Sauti ilitetemeka, ikajishika. "Usilie. Umekula, basi dunia iko sawa. Mimi naenda, mama. Baki salama."

Machozi yalimtiririka Warigia mpaka shingoni, na yalikuwa matamu. Kitu kilichokuwa kimemkaba tangu siku ile ya mikebe ya maziwa kililegea kifuani mwake. Alikaa hivyo, macho yamefumbwa, hakutaka kufungua. Alipofungua, Njue alikuwa amekwisha kuvaa mkoba begani, na uso wake umelowa kuliko wa kwake.

"Hiyo ndiyo kwaheri uliyoitaka," alisema Njue, kwa sauti yake mwenyewe. "Yangu hukuiomba."

"Njue, ngoja. Nilisema ya mwisho."

"Najua. Na kesho ingekuwa na ya mwisho yake. Sikulaumu. Hata mimi ningekuwa na baba kama yule ningemwita." Alijaribu kutabasamu. "Lakini mimi niko hai, Warigia. Mimi niko hapa hapa."

Alimsihi. Sitakuandikia yote aliyosema, mtu akisihi hasemi maneno ya kuandikwa. Jamleck aliingia na mvua kichwani, akawaona, akabeba spika kimya na kutoka. Walipomaliza kupakia, Warigia alikimbilia kwenye mlango wa pikapu na silaha yake ya mwisho, mzaha wao wa zamani.

"Si uniambie nikurudishie koti?" alisema, akilia na kucheka. "Niambie basi. Niambie kama siku ile."

Njue aliteremsha kioo cha dirisha nusu. Aliweka kiganja chake juu ya kioo, Warigia akaweka chake upande wa nje, na mvua ikawa inapita katikati ya vidole vyao.

"Baki nalo," alisema. "Kuna baridi."

Pikapu ikaondoka. Warigia alibaki barabarani mpaka muuza chakula cha kuku alipomwita aingie asilowe, na hakuingia.

Alifika Mweiga giza likianza kuingia. Wangui alikuwa jikoni anaponda viazi na majani ya malenge, mgongo mlangoni. Hakuuliza habari za mteja. Alivuta kigoda kwa mguu, akakisogeza karibu na moto, na Warigia akaketi ndani ya koti lile lililolowa, maji yakidondoka kwenye jivu.

"Ameenda?" Wangui aliuliza.

"Ameenda Runyenjes." Kisha akaongeza, bila kumtazama, "Aliniambia ulimpigia."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Mwaka mzima wa kununiana ulikuwa katikati yao, mama na mtoto. Wangui ndiye aliyeanza kulia, bila sauti, akipangusa kwa kona ya leso, na Warigia akaegemeza kichwa kwenye paja la mama yake kama alivyokuwa hajafanya tangu matanga.

"Alisemaje akiondoka?" Wangui aliuliza hatimaye.

Warigia alijaribu kuisikia tena sauti ya Njue, ile yake, ya kwaheri. Alijua aliongea naye dirishani muda si mrefu, aliyajua hata maneno. Lakini kila alipoyafuata, yalimjia na kikohozi na mkwaruzo wa moshi wa lori.

"Aliuliza kama nimekula."

Wangui alielewa ni nani aliyeuliza. Alimpapasa nywele zile zilizosukwa asubuhi kwa matumaini, taratibu, suko moja baada ya jingine.

"Na Njue mwenyewe, mwanangu, ulimwambia nini?"

Moto ulikuwa unazimika. Ilibidi mmoja wao ainuke akalete kuni, na hakuna aliyeinuka.

"Yeye mwenyewe," alisema Warigia, "sikumwambia kitu."